Origen wa Alexandria: Mwalimu Aliyelinganisha Maandiko

Wiki hii tumtazame Origen, mtu wa bara letu, aliyezaliwa Alexandria, Misri, karibu mwaka 185. Baba yake, Leonides, alimpa fungu la Maandiko la kukariri kila siku. Mtoto hakutosheka kukariri, alitaka maana yake ya ndani.

Mwaka 202 serikali ya Kaisari Septimius Severus iliwatesa Wakristo wa mji huo. Leonides akafungwa, kisha akauawa. Origen, hata miaka 17 hajafikisha, alitaka kwenda kufa pia. Mama akamficha nguo zote, na kijana akakosa namna ya kutoka nje! Mali yao yote ikachukuliwa, na nyuma yake kulikuwa na wadogo sita wa kulishwa.

Akiwa na miaka 18 alikabidhiwa darasa la waliotaka kubatizwa, na kadhaa kati yao waliuawa kwa imani. Hapo alifanya biashara ambayo mimi niliyesomea biashara nisingeithubutu: aliuza vitabu vyake vya Kigiriki, mnunuzi amlipe oboli nne tu kila siku. Ni pesa kidogo sana, lakini hakuhitaji kumwomba mwanafunzi yeyote.

Sasa, kulikuwa na shida. Kanisa lilisoma Agano la Kale kwa Kigiriki, Wayahudi kwa Kiebrania, na mahali pengine maneno hayakulingana. Mtu unabishana vipi hapo? Wengi wangepandisha sauti tu. Yeye alijifunza Kiebrania, kisha akapanga safu sita bega kwa bega: Kiebrania, matamshi yake kwa herufi za Kigiriki, halafu tafsiri nne za Kigiriki. Maneno yaliyozidi kwenye Kigiriki hakuyafuta, aliyawekea alama. Yaliyopungua aliyajazia na kuyawekea nyota. Yaani msomaji ajionee mwenyewe. Kazi hiyo, iitwayo Hexapla, ilikula miaka mingi.

Si kila alichofundisha tunakikubali. Alidhani nafsi za watu ziliishi kabla ya miili, na karne ya 6 kanisa lilikataa wazo hilo. Askofu wake pia alikosana naye, akahamia Kaisaria. Lakini mateso ya Kaisari Decius yalipokuja mwaka 250, mzee huyu alifungwa minyororo, miguu ikanyooshwa kwenye mkatale, akatishiwa moto. Hakumkana Yesu. Aliachiliwa akiwa amevunjika mwili, akafa miaka michache baadaye.

Hexapla yenyewe ilipotea, vimebaki vipande tu. Ila zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake ilikuwa bado Kaisaria, na Jerome, mtafsiri wa Biblia ya Kilatini, aliitumia kusahihisha nakala zake.