Selous: Mwindaji mashuhuri aliyeponea chupuchupu baruti ya bunduki yake mwenyewe

Katika vijiji vya Haut-Lomami, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Katanga, lingali linaonekana gobori lililotengenezwa na fundi wa chuma wa kijijini. Silaha hiyo haitumii risasi za dukani. Mwindaji humimina baruti mdomoni mwa mtutu, hutia kitambaa na vipande vya chuma, hushindilia kwa mdeki, kisha huweka fataki. Kila mlio ni kazi ya mkono wake, na mkono ukikosea, wa kwanza kuumia ni yeye mwenyewe.

Somo hilo lilimfika mmoja wa wawindaji waliosifika zaidi katika historia ya Afrika, Frederick Courteney Selous, ambaye jina lake lilipewa pori kubwa la wanyama nchini Tanzania. Amefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini kovu la shavuni mwake linaeleza jambo ambalo kila anayejaza baruti kwa mkono anapaswa kulijua.

Kijana wa miaka 19

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Akiwa mwanafunzi aliponea ajali ya Januari 1867 katika bustani ya Regent's Park, ambapo barafu ya ziwa ilipasuka chini ya watu waliokuwa wakiteleza juu yake na takriban 40 kufa. Yeye alijilaza na kutambaa juu ya mapande ya barafu hadi ukingoni.

Septemba 1871 alishuka melini huko Algoa Bay, Afrika Kusini, akiwa na pauni 400 na bunduki nzuri aliyotoka nayo Uingereza. Bunduki hiyo iliibwa akiwa njiani kwenda kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley. Ndipo akanunua silaha za bei rahisi: bunduki nzito za kujaziwa mdomoni, zilizoundwa Birmingham kwa ajili ya kuwinda bata. Zilitupa risasi ya duara yenye uzito wa zaidi ya gramu 110.

Kabla hata hajafika kwenye ndovu, baruti ilimwonya. Alikuwa akitoa risasi katika sanduku ambamo mlikuwa pia na baruti isiyofungwa. Mwenzake alisogea akivuta kiko, cheche zikadondoka ndani. Moto ulilipuka na kuwaunguza wote wawili usoni na mikononi.

Gao la baruti

Mwaka 1872 alifika kwa Mfalme Lobengula wa Wandebele kuomba ruhusa ya kuwinda ndovu. Mfalme alimwona bado mtoto, akacheka, akamruhusu. Aliyemfundisha kazi ni mwindaji Mkhoikhoi aliyeitwa Cigar, ambaye zamani alikuwa mpanda farasi wa mashindano huko Grahamstown. Nchi yenye ndovu ilijaa mbung'o, farasi hawakuishi humo, hivyo waliwinda kwa miguu.

Selous alibeba mfuko wa ngozi uliojaa baruti na kando yake risasi 20. Ndovu akikimbia, naye alikimbia nyuma yake huku akichovya mkono mfukoni, akitoa gao la baruti na kulimwaga mtutuni. Hakukuwa na mizani wala kikombe cha kupimia. Gao la mtu aliyetulia si sawa na gao la mtu anayehema, kwa hiyo hakuna milio miwili iliyokuwa na nguvu sawa.

Kwa silaha hizo aliua ndovu 78 katika misimu mitatu, kuanzia 1872 hadi 1874. Gharama yake ilikuwa mwilini. Bunduki ilimpiga begani kwa nguvu kiasi kwamba miaka ya baadaye alijuta kuzitumia, akiamini zilimharibia mishipa ya fahamu na kumpunguzia shabaha maisha yake yote.

Siku ya mzigo wa pili

Hatari kubwa ilikuja siku ambayo bunduki yake iligoma kulipuka mbele ya ndovu. Mzigo wa kwanza wa baruti na risasi ulibaki ndani. Katika pilikapilika, mtutu uleule ulishindiliwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Selous akapewa bunduki, akalenga, akafyatua.

Alirushwa juu na kuanguka kifudifudi mchangani, huku bunduki ikipita juu ya bega lake na kutua mbali. Mkono wa kulia haukuinuka. Damu ilimtoka chini ya jicho, ambapo kitako kilimpasua shavu. Kitako hicho kilikuwa kimefungwa kwa ngozi ya sikio la ndovu iliyokaushwa ikawa ngumu kama chuma, lakini kilivunjika vipandevipande. Mtutu wenyewe haukupasuka, na hiyo ndiyo sababu historia ina Selous wa kuzungumziwa.

Kulikuwa na njia rahisi ya kujua. Mdeki ukitumbukizwa katika mtutu mtupu hufika chini kabisa. Mtutu ukiwa na mzigo, ufito huo hubaki nje kwa urefu zaidi. Alama moja iliyochongwa kwenye mti ingetosha kuonyesha kuwa bunduki tayari imejazwa.

Kosa hilo halikufa na magobori. Nchini Marekani, watu wengi hujaza upya maganda ya risasi nyumbani, zikiwemo za bastola wanazobeba porini kwa kuhofia dubu. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu nyingi kwa kiasi kidogo, na mara nyingi haijazi hata nusu ya ganda la bastola. Mtu akikatizwa kidogo anaweza kulijaza ganda moja mara mbili bila kuona tofauti kwa nje. Kwa hiyo waangalifu hupima baruti kwa mizani, humulika ndani ya kila ganda kabla ya kukaza risasi, huweka aina moja tu ya baruti mezani, na hawavuti sigara karibu. Pia hawazungumzi wakiwa kazini, wala hawafanyi kazi hiyo wakiwa wamechoka.

Mwindaji na mkoloni

Baadaye Selous alihamia bunduki za kufunguka nyuma, zinazotumia risasi zilizokwisha kufungwa, hasa ile ya .450 iliyotengenezwa na George Gibbs wa Bristol. Kitabu chake cha 1881 kilimpa umaarufu Ulaya. Mwaka 1888, ng'ambo ya Zambezi, kambi yake ilishambuliwa usiku na Waila. Alitoroka gizani akiwa na bunduki na risasi nne tu, kisha bunduki hiyo ikaibwa. Alitembea kwa majuma kadhaa hadi alipopata usalama.

Sifa zake zina upande mwingine. Mwaka 1890 aliongoza njia ya msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, na 1893 alipigana katika vita vilivyomwangusha Lobengula, mfalme yuleyule aliyemruhusu kuwinda katika nchi yake. Ndovu nao walikuwa wamepungua vibaya kusini mwa Zambezi, na mkono wake ulikuwa mmoja kati ya mingi iliyowamaliza. Mwaka 1909 alisaidia kupanga safari ya uwindaji ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, na wakasafiri meli moja hadi Mombasa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, alikuwa na zaidi ya miaka 60, lakini alikubaliwa jeshini na kufika Afrika Mashariki mwaka 1915. Tarehe 4 Januari 1917, siku chache baada ya kutimiza miaka 65, mlenga shabaha wa upande wa Wajerumani alimpiga risasi huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, akafa papo hapo. Alizikwa palepale. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe hiyohiyo, mwanawe aliyekuwa rubani naye aliuawa vitani.

Pori lililozunguka kaburi lake liliitwa Selous mwaka 1922, likaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1982, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huku Katanga, Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa 1939, inalinda ndovu wachache waliosalia dhidi ya silaha za kila aina.

Selous alinusurika barafu, cheche za kiko na shambulio la usiku. Mmoja wa waliokaribia kumuua katika miaka yake ya uwindaji hakuwa simba wala ndovu, bali mtu wa upande wake mwenyewe aliyeshindilia bunduki bila kwanza kutazama kama ilikuwa na mzigo.