Mondlane: Mwanasosholojia aliyeuawa kwa kitabu Dar

Ukitaja Eduardo Mondlane, wengi hukumbuka FRELIMO na bomu. Wachache wanajua kwamba jamaa alikuwa mwanasosholojia, tena mwenye shahada ya uzamivu.

Alizaliwa mwaka 1920 Manjacaze, kusini mwa Msumbiji. Baba yake, chifu, alifariki Eduardo akiwa mdogo. Alichunga mifugo kama watoto wengi wa Tlawi kule Mbulu, hadi mama yake aliposisitiza asome aijue dunia ya Wazungu waliowatawala.

Shule za misheni zilimfungulia njia hadi Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka 1949 serikali ya makaburu ikamfukuza. Akapitia Lisbon, kisha Marekani, ambako Chuo Kikuu cha Northwestern kilimpa uzamivu mwaka 1960.

Tasnifu yake ilihusu mambo anayokutana nayo mapema kila anayeanza sosholojia: mgongano wa majukumu, kundi rejea, na rangi.

Jukumu ni kile watu wanachokitegemea kwako kwa sababu ya nafasi yako. Chukua binti wa Tlawi aliye kidato cha nne. Nyumbani ni mtoto wa kwanza, anategemewa kupika na kulea wadogo zake. Shuleni anategemewa kufaulu. Jioni ni hiyo hiyo moja! Huo ndio mgongano. Kundi rejea ni watu anaojipima kwao anapoamua: wanafunzi wa chuo, au mama na shangazi zake. Si lazima awe mmoja wao.

Kumbe Mondlane mwenyewe alikuwa humo humo. Tangu 1957 aliajiriwa Umoja wa Mataifa, New York, kwenye idara ya nchi za udhamini, Tanganyika ikiwemo. Kazi nzuri, lakini mtumishi wa umoja huo haruhusiwi siasa, na kwao bado kulikuwa chini ya Ureno. Mwaka 1961 alitembelea nyumbani, watu wakamiminika kumwona. Mwaka huo huo akaacha kazi.

Juni 25, 1962, FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam naye akachaguliwa rais wake. Mwaka uliofuata akahamia Dar na familia. Mkewe Janet, Mmarekani mweupe, aliongoza Taasisi ya Msumbiji iliyosomesha vijana wakimbizi.

Hapo ndipo neno la tatu la tasnifu, rangi, lilipomrudia. Kwa Mondlane adui alikuwa ukoloni, si ngozi ya mtu. Baadhi ya wenzake hawakukubali. Walimtilia shaka kwa mke wake na kwa usomi wake wa Marekani, na mwaka 1968 vurugu za wanafunzi zikaifunga taasisi. Hakubadili msimamo.

Februari 3, 1969, akiwa kwenye nyumba ya rafiki huko Oysterbay, alifungua kifurushi chenye kitabu. Ndani mlikuwa na bomu. Alikuwa na miaka 48.

Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, 1975, miaka 13 kamili tangu FRELIMO izaliwe. Mwaka uliofuata chuo kikuu cha Maputo kikapewa jina lake.