Clyde Tombaugh, mutoto wa shamba aliyefuata roketi kwa macho

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama na vijana wa kambi, leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja ambaye vitabu vya masomo vinamutaja kwa neno moja tu: Pluto. Lakini kazi yake ya pili, ile ya kufuata roketi kwa apareyi ya foto, wengi hawaijui. Sisi wa sendika tumeona inafaa ijulikane katika nyumba zetu.

Clyde Tombaugh alizaliwa tarehe 4 Februari 1906 kule Streator, jimbo la Illinois, Marekani. Ndiye alikuwa mukubwa wa watoto sita. Mwaka 1922 jamaa ikahamia shambani, karibu na Burdett, jimbo la Kansas. Alimaliza sekondere, akataka kuendelea na iniverisite, lakini mvua ya mawe ikaharibu mavuno na franga za masomo zikakosekana. Basi akabaki shambani, akaanza kujitengenezea darubini. Kioo alikuwa anakisugua kwa mikono. Ili kukipima alihitaji nafasi ambamo hewa inatulia na joto halibadiliki. Akachimba shimo, urefu karibu metre 7, kwenda chini zaidi ya metre 2. Vyuma vingine vya darubini alivitoa katika motokari ya Buick ya mwaka 1910 na katika mashini ya kutenga mafuta ya maziwa.

Akachora sayari alizokuwa anaona, akatuma michoro Lowell Observatory, kule Flagstaff, jimbo la Arizona. Mwaka 1929 wakamupokea kazini, bila diplome ya iniverisite. Kazi yake: kupiga foto za anga usiku, kisha kulinganisha foto mbili za nafasi moja zilizopigwa siku mbalimbali. Nyota zinabaki mahali pao, kitu kinachohama kinajionyesha chenyewe. Tarehe 18 Februari 1930, kati ya foto ya 23 na ile ya 29 Januari, akaona kitone kimoja kimehama. Ile ndiyo Pluto. Alikuwa na miaka 24. Ni kiisha pale tu ndipo alienda University of Kansas, akapata diplome mwaka 1936.

Wakati wa vita ya pili ya dunia alifundisha askari wa majini namna ya kujua njia. Vita ilipoisha, akaambiwa kule Lowell franga za kumulipa hazitoshi. Ndiyo, hata mutu aliyevumbua Pluto! Mwaka 1946 akapata kazi White Sands, jimbo la New Mexico, ambako jeshi lilikuwa linajaribu roketi za V-2 zilizotekwa Ujerumani. Hapa tuseme ukweli wote: roketi hizo ziliunganishwa ndani ya mashimo ya mulima karibu na Nordhausen, kwa mikono ya wafungwa wa kambi ya Dora. Maelfu walikufa pale. Mutu wa mine hawezi kupita juu ya jambo hilo kimya.

Sasa, V-2 ina urefu wa metre 14, na mwendo wake unapita kilometre 5.000 kwa saa. Namna gani mutu anaweza kuifuata? Jibu ni umbali. Kamyo ikipita karibu na pua yako, unageuza shingo mbio. Ndeke iko juu inaonekana inaenda polepole, hata kama inashinda kamyo mara nyingi. Kitu cha metre 1.500 kwa segonde, kikipita mbele yako kwa kilometre 1, kwa segonde moja kinakupita digri 56. Kikipita kwa kilometre 50, hazifiki digri 2. Pale mukono wa mutu unaweza.

Lakini kwa mbali kitu kinakuwa kidogo, ndiyo maana darubini inatakiwa. Tena hewa ya joto ya jangwa inatikisa picha, kwa hiyo darubini zingine ziliwekwa juu ya milima. Katika apareyi nyingi watu wawili walifanya pamoja: mumoja anageuza kushoto na kuume, mwenzake juu na chini. Filamu iliandika picha, digri na saa kwa mara moja. Ukiwa na apareyi mbili, na unajua umbali kati yao, digri zinakutana mahali pamoja: roketi iko pale. Topografu wetu katika karieri anafanya hesabu hiyohiyo.

Tombaugh aliongoza vipimo hivyo mpaka mwaka 1955, akachora darubini kubwa za kazi hiyo, moja ikaitwa IGOR. Roketi ikipasuka, filamu ilionyesha ni kitu gani kilianza kuharibika, na saa gani. Sisi tunaojua maneno yanavyopigana siku ya ajali, mukubwa anasema hivi na mufanyakazi vile, tunaona bei ya ushahidi wa namna hiyo.

Kiisha alifundisha New Mexico State University, kule Las Cruces, mpaka mwaka 1973. Alikufa tarehe 17 Januari 1997. Mwaka 2006, roketi ilirusha chombo New Horizons kikiwa na sehemu ya majivu yake. Mwaka uleule wanasayansi waliiweka Pluto katika hesabu ya sayari ndogo. Lakini tarehe 14 Julai 2015 chombo kile kilipita karibu nayo, na majivu ya mutoto wa shamba ndani.

Vijana wetu muliokosa franga za iniverisite, mushike kazi ya mikono na musome jioni. Na sisi wazazi tusiwavunje moyo.