ALBERT SCHWEITZER, MTU ALIYEKUWA NA NJIA TATU

Kila mwaka, egzameni ya Leta inapokaribia, ulizo moja linazunguka katika darasa la sita: wewe utaenda kusomea nini? Mmoja anapenda hesabu, lakini anapenda pia muziki. Mwingine, wazazi wanataka awe munganga, na roho yake iko kwa ualimu. Juu ya hiyo tumeona vema kuwapasha habari za mtu aliyesumbuka na ulizo hilo miaka mingi.

Albert Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 huko Kaysersberg, katika Alsace, inchi iliyokuwa wakati ule chini ya Wajerumani na leo ni ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji, na mtoto alikulia katika kijiji cha Günsbach. Alipokuwa na miaka 9 tu, aliweza kushika nafasi ya mpiga kinanda kanisani.

Mwaka 1893 aliingia iniversite ya Strasbourg kusomea teolojia na filosofia. Mwaka ule ule akaanza kujifunza kinanda huko Paris kwa fundi mkubwa Widor. Basi akawa na kazi tatu ndani ya kichwa kimoja! Mwaka 1896, katika likizo ya Pentekoste, alikata shauri: mpaka miaka 30 atafanya masomo na muziki, kisha atatumikia watu kwa mikono yake. Kwa njia gani? Hakujua bado.

Hakukaa bure akingoja. Mwaka 1899 alipata udaktari wa filosofia, mwaka 1900 cheo cha teolojia, na mwaka 1903 akawa mkubwa wa chuo cha teolojia. Mwaka 1905 kitabu chake juu ya mtunga muziki Bach kilitoka. Alikuwa mwalimu, muhubiri na mwanamuziki, na watu walimheshimu katika zote tatu.

Lakini mwaka 1904 alisoma gazeti la Misioni ya Paris lililoomba watumishi kwa kazi yao ya Kongo. Si Kongo yetu hii, hapana: ilikuwa Gabon, iliyohesabiwa wakati ule ndani ya Kongo ya Wafaransa. Pale ndipo alipopata jibu. Kwa kuwa alikuwa amesema kwa kinywa miaka mingi, sasa alitaka kutenda, na huko waganga walikosekana. Katika Oktoba 1905 aliandikia jamaa na rafiki kwamba ataanza masomo ya uganga.

Makelele yakatokea! Wengi waliona anazika talanta zake. Hata Widor alimkaripia. Na tena, mwalimu wa iniversite hakuweza kuandikwa kuwa mwanafunzi pale pale. Ilibidi wakubwa wamtafutie njia. Aliendelea kufundisha na kuhubiri huku akisoma, na uchovu ulimbana sana. Franga za egzameni ya mwisho, mwaka 1911, alizipata kwa kupiga kinanda huko Munich.

Misioni yenyewe ilisitasita, juu ya mafundisho yake ya teolojia. Aliahidi kwenda kama munganga tu, bila kuhubiri, na kwa gharama zake. Tarehe 16 Aprili 1913 alifika Lambaréné pamoja na bibi yake Helene, aliyekuwa amejifunza kazi ya uuguzi. Nyumba ya kwanza ya kuponyea wagonjwa ilikuwa kibanda cha kuku. Vita ikawafunga, na mwaka 1917 wakapelekwa Ufaransa kama wafungwa. Lakini mwaka 1924 alirudi na kujenga upya.

Je, muziki ulikufa? Hata kidogo. Usiku alipiga piano yake katika pori, na konseri zake Ulaya zilileta franga za dawa. Teolojia na filosofia aliendelea kuziandika. Mwaka 1953 alipewa zawadi ya Nobel ya amani ya mwaka 1952, akaitumia kwa kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Alikufa Lambaréné tarehe 4 Septemba 1965, akiwa na miaka 90.

Hatusemi alikuwa bila kosa. Alihesabu Mwafrika kuwa ndugu yake mdogo, na Waafrika wengi wamekataa neno hilo kwa haki. Mkubwa na mdogo ni kwa umri, si kwa rangi.

Lakini juu ya kuchagua, tunaona mambo mawili. Alijipa wakati, lakini wakati wenye mpaka, na ndani yake alifanya kazi kwa bidii. Tena alipochagua njia moja, zile nyingine hazikupotea, zilimbebea mzigo. Basi, ndugu wa darasa la sita, usilie kwa kuwa unapenda vitu viwili. Uliza: ni kipi watu wanakikosa, nami naweza kukilipia kwa jasho langu? Kile kingine kitakufuata.

Masomo mema kwenu wote.