Edison na Betri Iliyovuja

Thomas Alva Edison alizaliwa Milan, katika jimbo la Ohio, Marekani, tarehe 11 Februari 1847. Alipokuwa kijana aliuza magazeti katika gari la moshi, na masikio yake yalikuwa mazito tangu utotoni. Habari za taa yake ya umeme ya mwaka 1879 tunazijua sote, kwa hiyo sitazirudia.

Habari isiyosimuliwa sana ni ya betri. Motokaa za umeme za siku zile zilitumia betri za risasi na asidi, nazo zilikuwa nzito mno. Edison alitaka betri nyepesi itakayodumu miaka mingi. Akatumia nikeli na chuma ndani ya maji makali ya potasi, akaanza kuiuza mwaka 1903. Kumbe makopo yake yalivuja, na betri nyingine zikapungukiwa nguvu upesi. Kabla ya miaka miwili kwisha aliacha kuiuza, ingawa hasara ilikuwa kubwa, akarudi kwenye majaribio. Katika maji yale aliongeza lithiamu kidogo, madini yale yale yaliyomo katika betri za simu zetu za mkononi, ingawa humo kazi yake ni nyingine.

Betri mpya ilitoka mwaka 1909. Wakati huo watu walikuwa wameanza kupenda motokaa za petroli. Lakini betri ya Edison ilipata kazi katika reli na katika taa za wachimba migodi, na baadhi zilidumu makumi ya miaka. Mwenyewe alifariki West Orange, New Jersey, tarehe 18 Oktoba 1931.