Edward Saidi Tingatinga na Somo la Kuchora Wanyama

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho leo huitwa Nakapanya, wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako alifanya kazi za nyumbani na za bustani. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote.

Alianza kuchora mwaka 1968. Kwa kuwa hakuwa na vifaa vya wachoraji, alitumia vipande vya mraba vya mbao za dari, vyenye upana wa sentimeta 60 hivi, na rangi za mafuta zinazopakwa baiskeli. Alienea rangi moja kwenye ubao mzima, kisha akachora juu yake mnyama mmoja, chui, tembo au nyati, kwa mistari iliyo wazi na madoa yaliyopangwa. Picha hizo ziliuzwa Oysterbay, chini ya mbuyu karibu na Morogoro Stores, na mkewe, Agatha, alisaidia kuziuza. Biashara ilipostawi, aliwaita vijana wa jamaa zake, nao wakajifunza kwa kumtazama na kumsaidia.

Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani kuwa wanafukuza wahalifu, akafariki. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake.

Mwalimu mwanafunzi atapata hapa mafunzo mawili. Kwanza, ukosefu wa vifaa si sababu ya kufuta kipindi cha sanaa: mkaa, udongo mwekundu na kipande cha boksi vyatosha. Pili, mwalimu achague mnyama ambaye mtoto humwona kila siku. Tingatinga alichora wanyama wa pori. Mtoto wa darasa la pili anamfahamu zaidi mbuzi au jogoo wa nyumbani kwao. Basi watoto wapelekwe nje, wamtazame mbuzi: pembe zaelekea wapi, miguu yakunjika wapi, madoa yako wapi? Ndipo wachore mnyama mmoja akijaza karatasi nzima. Mwalimu akichora mbuzi wake ubaoni ili wanakiliwe, atasahihisha mbuzi arobaini walio sawa, wala hatajua ni mtoto yupi aliyeona.