Mfumaji Aliyesaga Mti

Gazeti likiachwa juani siku chache hugeuka manjano. Daftari zuri halibadiliki upesi hivyo. Kisa chake kinaanzia kwa fundi mmoja wa Ujerumani.

Friedrich Gottlob Keller alizaliwa mwaka 1816 katika mji wa Hainichen. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, naye akajifunza kazi hiyo. Wakati huo karatasi za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara. Wasomaji waliongezeka, matambara hayakutosha, na karatasi ikawa ghali.

Mwaka 1843 Keller alichukua kipande cha mti. Akakisugua kwenye jiwe la kunolea linalozunguka, huku jiwe likilowa maji. Mti ukasagika, ukawa rojo kama uji. Rojo hilo likitandazwa jembamba na kukauka, huwa karatasi.

Mashine ya kusagia magogo ilihitaji fedha nyingi. Keller hakuwa nazo. Mwaka 1846 aliuza haki ya uvumbuzi wake kwa Heinrich Voelter. Mashine zikaboreshwa, zikaenea nchi nyingi, na wengine wakatajirika. Yeye aliendelea kuishi kwa shida.

Lakini karatasi yake ilikuwa na dosari. Ndani ya mti mna kitu kinachoshikamanisha nyuzi kama gundi. Wataalamu hukiita lignini. Kusaga hakukiondoi. Kikipata mwanga na hewa, hugeuka manjano. Viwanda huweza kulifanya rojo la kusagwa liwe jeupe kwa dawa, lakini lignini hubaki humo, kwa hiyo weupe haudumu.

Njia ya uhakika ni kuuchemsha mti kwa dawa kali hadi lignini itoke. Karatasi ya namna hiyo hukaa nyeupe muda mrefu. Hasara yake ni kwamba karibu nusu ya mti hupotea, wakati kusaga hupoteza kidogo sana. Ndiyo maana magazeti mengi hutengenezwa kwa mti wa kusagwa. Nani atalipa bei kubwa kwa kitu cha kusomwa siku moja?

Hati ya shamba au cheti cha kuzaliwa ni kitu kingine. Kiweke mahali pakavu, pasipo mwanga. Usikifunge kwa gazeti, maana gazeti likichakaa hutoa asidi, nayo huharibu karatasi inayoigusa.

Keller alipozeeka, wenye viwanda vya karatasi walimchangia fedha. Alifariki mwaka 1895 huko Krippen, akiwa na umri wa miaka 79.